Uzito wa mwili unaofaa: maana yake, vipimo vyake na namna ya kuutunza

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mwili wa mtu huchukuliwa kuwa ni habari za maisha yake. Aliyenenepa husifiwa kwamba amenawiri na mambo yake yamenyooka. Aliyepungua huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa, au kama ana matatizo nyumbani. Hata picha zinazotumwa na jamaa walioko ughaibuni, iwe ni Muscat, London au Minneapolis, hukaguliwa kwa jicho hilohilo.

Mazoea hayo yana chanzo chake. Kwa vizazi vingi, njaa na maradhi ndiyo yaliyokuwa yakiwakondesha watu, na mwenye mwili alikuwa ni yule mwenye akiba ghalani. Hata hivyo, wataalamu wa afya wanaonya kwamba jicho la jirani si kipimo cha afya. Mtu anaweza kuonekana amenawiri huku shinikizo la damu na sukari vikipanda kimyakimya; mwingine akadhaniwa mgonjwa kwa sababu tu uzito wake umerudi pale unapostahili kuwa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2022 watu wazima bilioni 2.5 duniani walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Kati yao, milioni 890 walikuwa na unene wa kupindukia. Katika mwaka huohuo, watu wazima milioni 390 walikuwa na uzito pungufu. Matatizo hayo mawili hukutana katika nchi moja, mtaa mmoja, na mara nyingine ndani ya nyumba moja.

Uzito unaofaa ni upi?

Kipimo kinachotumika zaidi ni uwiano wa uzito na urefu, unaojulikana kwa kifupi kama BMI. Hesabu hiyo ilielezwa kwanza katika miaka ya 1830 na Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hisabati na takwimu wa Ubelgiji. Quetelet hakuwa daktari na wala hakuwa akitafuta ugonjwa. Alitaka kujua umbo la mtu wa wastani. Mwaka 1972 mtafiti wa Marekani, Ancel Keys, pamoja na wenzake, waliipa hesabu hiyo jina linalotumika hadi leo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa urefu wake kwa mita, kisha jibu hugawanywa tena kwa urefu uleule. Kwa mfano, mtu mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60 atagawanya 80 kwa 1.60 na kupata 50. Atagawanya tena 50 kwa 1.60 na kupata 31.25. Hicho ndicho kipimo chake.

Kwa watu wazima, WHO inayagawa majibu kama ifuatavyo:

- Chini ya 18.5: uzito pungufu
- Kuanzia 18.5 hadi 24.9: uzito unaofaa
- Kuanzia 25 hadi 29.9: uzito uliozidi
- Kuanzia 30 na kuendelea: unene wa kupindukia

Kwa kufuata viwango hivyo, mtu mzima mwenye urefu wa mita 1.50 anatarajiwa kuwa na uzito wa kati ya kilo 42 na 56. Mwenye urefu wa mita 1.60 ni kati ya kilo 48 na 63, mwenye mita 1.70 ni kati ya kilo 54 na 72, na mwenye mita 1.80 ni kati ya kilo 60 na 80.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba uzito unaofaa si namba moja bali ni nafasi, na nafasi hiyo ni pana. Watu wawili wenye urefu sawa wanaweza kutofautiana kwa kilo 15 na wote wakawa na uzito unaofaa. Kwa hiyo hakuna sababu ya mtu mwenye afya kujilinganisha na dada yake, na wala hakuna sababu ya kutafuta wembamba unaoonyeshwa katika matangazo ya mitindo.

Kwa nini mizani peke yake haitoshi

Kipimo cha BMI kina mapungufu yake. Hakiwezi kutofautisha mafuta na misuli. Mbeba mizigo wa bandarini au mcheza raga anaweza kupata 27 ingawa mwili wake hauna mafuta mengi. Mzee ambaye misuli yake imepungua anaweza kupata 23 huku tumbo lake limejaa mafuta. Kipimo hicho pia hakiwafai wajawazito, na watoto wana majedwali yao yanayozingatia umri na jinsia. Mwezi Januari 2025, jopo la wataalamu waliokutanishwa na jarida la tiba la Lancet Diabetes & Endocrinology lilishauri kwamba BMI isitumiwe peke yake kuamua kama mtu ana maradhi ya unene.

Kipimo kinachosaidia kuziba pengo hilo ni mzunguko wa kiuno. Mafuta yanayojikusanya ndani ya tumbo, kuzunguka ini, kongosho na utumbo, yana madhara makubwa kuliko yale ya mapajani na makalioni. Futikamba ya fundi cherehani inatosha kwa kazi hiyo. Hupitishwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, na kiuno hupimwa baada ya mtu kutoa pumzi kwa kawaida, bila ya kubana tumbo.

WHO inasema hatari ya maradhi huanza kuongezeka pale kiuno kinapozidi sentimita 94 kwa mwanamume na sentimita 80 kwa mwanamke. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi kiuno kinapozidi sentimita 102 kwa mwanamume na 88 kwa mwanamke.

Nchini Uingereza, taasisi ya NICE inayotoa miongozo ya tiba ilitoa mwaka 2022 kanuni iliyo rahisi kukumbuka: kiuno cha mtu mzima kiwe chini ya nusu ya urefu wake. Mwenye urefu wa sentimita 164, kwa mfano, ahakikishe kiuno chake hakifikii sentimita 82.

Miongozo hiyo ina jambo jingine linalowahusu moja kwa moja wasomaji wenye asili ya Afrika. Inaeleza kwamba kwa watu wenye asili ya Afrika, Asia na Mashariki ya Kati, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo hujitokeza katika uzito mdogo zaidi. Kwa hiyo uzito uliozidi huhesabiwa kuanzia 23 badala ya 25, na unene wa kupindukia kuanzia 27.5 badala ya 30. Mswahili anayeishi London anaweza basi kuambiwa na daktari wake kwamba uzito wake umezidi, ilhali jedwali la kawaida lingemweka katika kundi la salama.

Mwili hunenepa vipi?

Chakula ni nishati, na nishati hupimwa kwa kalori. Gramu moja ya wanga au protini huupa mwili kalori 4. Gramu moja ya pombe hutoa kalori 7, na gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Nishati hiyo hutumika katika kazi na mwendo, lakini sehemu kubwa hutumika hata mtu anapolala: moyo unapopiga, mapafu yanapovuta hewa na ubongo unapofanya kazi zake. Kinachobaki huwekwa akiba kama mafuta. Ziada ndogo ya kila siku haionekani kwa wiki moja, lakini baada ya miaka kumi huwa imekwishabadili umbo la mtu. Haba na haba hujaza kibaba.

Wengi huamini kuwa mtu hunenepa kwa sababu ya uvivu. Utafiti uliofanywa Tanzania ulitoa jibu lisilotarajiwa. Herman Pontzer na wenzake walipima nishati inayotumiwa na Wahadza, jamii ya kaskazini mwa nchi hiyo karibu na Ziwa Eyasi, ambayo huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku, na wanawake karibu kilomita 6. Lakini ukubwa wa miili ulipozingatiwa, nishati waliyoitumia kwa siku nzima haikuwa tofauti na ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoishi maisha ya mijini.

Maelezo yanayotolewa na watafiti ni kwamba mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi ya nishati mahali pengine. Hii haina maana kwamba mazoezi hayana faida. Mwendo hulinda moyo, hupunguza shinikizo la damu, huimarisha misuli na husaidia mtu aliyepungua asirudie uzito wa zamani. Maana yake ni kwamba kinachoingia mdomoni kina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani, na mwendo wa saa moja haufuti sahani iliyozidi.

Vilevile, unene si suala la tabia peke yake. Urithi wa kizazi una nafasi yake. Usingizi mchache huongeza hamu ya kula. Baadhi ya dawa, zikiwemo za steroidi, insulini na baadhi ya dawa za maradhi ya akili, huongeza uzito. Wanawake wengi huongezeka kiunoni baada ya hedhi kukoma. Kwa sababu hizo, kumkejeli mtu mnene hakumsaidii. Mara nyingi humfanya aikwepe zahanati.

Chakula kilivyobadilika

Takwimu za kitaifa zinaonyesha kasi ya mabadiliko. Nchini Kenya, uchunguzi wa afya ya jamii wa mwaka 2008 na 2009 ulikuta asilimia 25 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 33. Nchini Tanzania, uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 uliwakuta asilimia 28. Katika nchi zote mbili, wanawake wa mijini waliathirika zaidi kuliko wa vijijini.

Sababu zinaonekana barabarani. Unga wa dona na mtama umeachia nafasi sembe nyeupe iliyokobolewa. Maharage na kisamvu vimeshindana na chipsi mayai. Mafuta ya kupikia yanauzwa kwa vipimo vidogo ambavyo kila nyumba inaweza kuvimudu. Soda imekuwa ishara ya ukarimu kwa mgeni, na bodaboda imechukua safari ambazo zamani zilikuwa za miguu.

Utafiti uliofanyika Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine uliwahusisha wanaume 77. Wale waliozoea chakula cha asili walipobadilishiwa na kupewa chakula cha mtindo wa Magharibi kwa wiki mbili, damu yao ilionyesha dalili za mwili unaopambana kana kwamba umevamiwa, na kinga yao ilidhoofika. Waliobadili kinyume chake, wakarudi kwenye chakula cha asili chenye kunde, mboga na nafaka zisizokobolewa, walionyesha nafuu. Baadhi ya mabadiliko hayo yaliendelea kuonekana wiki nne baadaye.

Kwa wanaohamia nje, mabadiliko hayo huja kwa kishindo. Anayefanya kazi za zamu za usiku katika nyumba za wazee nchini Uingereza hula saa ambazo mwili ulitarajia kulala. Nchini Marekani, miji mingi imejengwa kwa ajili ya magari, na sahani moja ya mkahawani hutosha watu wawili. Katika nchi za Ghuba, joto la kiangazi huwafungia watu ndani kwa miezi kadhaa. Kuwait na Qatar ni miongoni mwa nchi zenye viwango vya juu vya unene duniani. Hali kadhalika, vyakula vya kumbukumbu ya nyumbani, kama pilau, mandazi na wali wa nazi, ambavyo zamani vilikuwa vya sikukuu au vya asubuhi maalumu, hugeuka kuwa vya kila wiki kwa kuwa sasa fedha ipo.

Madhara ya uzito uliozidi

Uzito uliozidi huongeza uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili, shinikizo la juu la damu, maradhi ya moyo na kiharusi. Huchosha magoti na nyonga, huweka mafuta katika ini na huweza kumfanya mtu akatike pumzi usingizini. Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitaja aina 13 za saratani zinazohusishwa na mafuta mengi mwilini, zikiwemo za utumbo mpana, ini, kongosho, mji wa mimba, na ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi.

Hatari kubwa ya maradhi hayo ni ukimya wake. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili, na kisukari huweza kukaa mwilini kwa miaka kabla ya kugunduliwa. Wengi hupata habari siku wanapopooza upande mmoja, au kidonda cha mguu kinapokataa kupona. Kwa familia inayomtegemea mtu mmoja, awe ni dereva wa Mombasa au mhudumu wa hospitali huko Ulaya, siku hiyo hubadili maisha ya watu wengi.

Kukonda kunakoogopwa, na kukonda kwa kweli

Kuna sababu nyingine inayowafanya watu wa Afrika Mashariki wasite kupunguza uzito. Mwaka 1985 madaktari waliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa mpya nchini Uganda, ambao wananchi waliuita "slim" kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa. Ugonjwa huo ulikuwa ni UKIMWI. Tangu wakati huo, kukonda kwa mtu mzima kumeandamwa na minong'ono, na wapo wanaoiogopa minong'ono hiyo kuliko wanavyokiogopa kiharusi.

Leo dhana hiyo haina msingi. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zimewarudishia mamilioni ya watu uzito wao. Isitoshe, utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanaotumia dawa zenye dolutegravir waliongezeka uzito, hasa wanawake. Kwa hiyo anayeishi na virusi na kutumia dawa zake vizuri anaweza kuwa mnene kuliko jirani yake asiye na virusi. Umbo halitoi siri ya damu. Aliyeongezeka uzito kwa sababu ya dawa asiziache. Azungumze na wahudumu wa kliniki yake.

Hata hivyo, kupungua bila ya kukusudia si jambo la kupuuza. Mtu aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake katika kipindi cha miezi 6 hadi 12 bila ya kubadili chakula wala mazoezi anapaswa kupimwa. Kwa mwenye kilo 70, hiyo ni kilo 3 na nusu. Sababu zinaweza kuwa kifua kikuu, kisukari, matatizo ya tezi la shingo, minyoo, saratani au huzuni ya muda mrefu. Uzito pungufu hudhoofisha kinga na mifupa, na kwa mwanamke huweza kuvuruga hedhi na kumfanya ajifungue mtoto mwenye uzito mdogo.

Watoto na wajawazito

Kwa mtoto mwenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5, wahudumu wa afya hutumia utepe wa kupimia mzunguko wa sehemu ya juu ya mkono. Chini ya sentimita 12.5 ni dalili ya utapiamlo. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu bila ya kuchelewa.

Kwa upande wa pili, mwezi Septemba 2025 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilitangaza kuwa duniani kote watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupindukia walikuwa wamewazidi wale wenye uzito pungufu. Afrika Kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini ndizo kanda ambazo hali haikuwa imegeuka. Mtoto mnene hapaswi kunyimwa chakula. Anahitaji maji badala ya soda, matunda badala ya biskuti, na WHO inapendekeza acheze na kukimbia kwa wastani wa dakika 60 kwa siku.

Mjamzito naye hatakiwi kula chakula cha watu wawili. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2009 inaeleza kwamba mwanamke aliyeanza ujauzito akiwa na uzito unaofaa anatarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16, na aliyeanza akiwa na unene wa kupindukia kilo 5 hadi 9. Ujauzito si wakati wa kujinyima ili kupungua.

Namna ya kuutunza uzito

Sahani ndiyo mahali pa kuanzia. Ushauri unaotolewa na wataalamu wengi wa lishe ni kwamba nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo iwe wanga kama ugali, wali, ndizi au viazi, na robo iliyobaki iwe protini kama maharage, kunde, dagaa, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta mengi. Katika nyumba nyingi mpangilio huwa kinyume: ugali hujaza sahani na mboga huwa ya kusukumia tonge. Hakuna haja ya kuuacha ugali; kinachohitajika ni kubadilishana nafasi. Mahali ambapo watu hula sinia moja, si rahisi mtu kujua amekula kiasi gani, na kujipakulia sahani yake husaidia.

Sukari ya kwenye chai hustahili hesabu yake. WHO inashauri kwamba anayehitaji kalori 2,000 kwa siku asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa, na ni bora zaidi asizidi gramu 25. Kijiko cha chai hubeba gramu 4 hivi. Anayekunywa vikombe vinne vyenye vijiko vitatu kila kimoja amekwishatumia gramu 48, kabla ya soda wala keki. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na sukari ya gramu 30 hivi. Kupunguza nusu kijiko kila wiki huupa ulimi nafasi ya kuzoea.

Mafuta nayo hupimwa. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, ya aina yoyote, huwa na kalori zipatazo 120. Kumimina kutoka kwenye dumu kwa kukisia ndiko kunakozidisha. Kupima kwa kijiko hupunguza bila ya kubadili pishi.

Katika mwezi wa Ramadhani, wapo wanaofunga na bado wakaongezeka uzito. Sababu ni futari yenye sambusa, kaimati, mihogo ya nazi na sharubati kwa wakati mmoja, na daku nzito baadaye. Kufuturu kwa tende chache na maji, kisha uji au supu, na kuupa mwili muda kabla ya chakula kikuu, hupunguza ziada hiyo.

Kuhusu mwendo, WHO inapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kulima au kuendesha baiskeli. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Ambako joto haliruhusu, ngazi za jengo na maduka makubwa yenye viyoyozi hutosha kwa matembezi.

Anayehitaji kupungua hahitaji kufikia namba ya jedwali ndipo apate faida. Kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito huanza kushusha shinikizo la damu na sukari. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu waliokuwa katika hatari ya kisukari, waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Kwa mwenye kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo. Kasi inayoshauriwa ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki.

Kazi ngumu zaidi huja baadaye. Mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko awali na huongeza njaa, kana kwamba unadai ulichopoteza. Ndiyo maana mlo mkali wa wiki mbili huacha majuto. Mabadiliko yanayodumu ni yale ambayo mtu anaweza kuishi nayo miaka kumi: chai yenye sukari kidogo, sahani yenye mboga nyingi, matembezi ya jioni, usingizi wa kutosha, na kupanda mizani mara moja kwa wiki, asubuhi, katika mizani ileile.

Vidonge, sindano na njia za mkato

Katika masoko ya miji mingi ya Afrika, vidonge vya kunenepesha mwili au makalio huuzwa bila ya cheti cha daktari. Baadhi ya vinavyotumiwa vibaya kwa kusudi hilo ni dexamethasone, ambayo ni steroidi, na cyproheptadine, ambayo ni dawa ya mzio. Steroidi hufanya uso uvimbe, hupandisha sukari na shinikizo la damu na hudhoofisha mifupa. Aliyezitumia kwa muda mrefu asiziache ghafla, kwani mwili wake huwa umesahau kutengeneza homoni hiyo wenyewe. Amwone daktari ili zipunguzwe kidogo kidogo.

Chai na vidonge vya kukondesha, ambavyo vingi hufanya kazi kwa kuharisha, hupunguza maji ya mwili na si mafuta.

Zipo pia tiba halali. Mwezi Juni 2021, Marekani iliidhinisha sindano ya semaglutide kwa ajili ya kupunguza uzito, na dawa nyingine za aina hiyo zimefuata. Hupunguza njaa na huleta matokeo makubwa kwa watu wengi. Lakini zina gharama na madhara yake, na utafiti umeonyesha kuwa walioziacha walirudiwa na takriban theluthi mbili ya uzito walioupoteza katika muda wa mwaka mmoja. Upasuaji wa tumbo huwafaa baadhi ya wenye unene mkubwa. Tiba zote hizo zinahitaji usimamizi wa daktari, si ushauri wa muuzaji.

Wakati wa kupimwa

Mtu mzima anashauriwa kuzijua namba zake nne: uwiano wa uzito na urefu, mzunguko wa kiuno, shinikizo la damu, na sukari ya damu. Shinikizo linalofika 140 kwa 90 katika vipimo vya siku tofauti, au sukari ya milimoli 7 kwa lita au zaidi kabla ya kula, huhitaji uangalizi wa daktari hata kama mtu anajisikia mzima. Mbili za mwanzo hupatikana nyumbani kwa mizani na futikamba. Mbili zilizobaki ni kazi ya dakika chache katika zahanati nyingi, na matibabu yakianza mapema, moyo, figo na macho hulindwa kabla ya kudhurika.